Benki Isiyo na Mlango

Leo hatutazungumza habari za vita wala za wafalme. Tutazungumza habari za fedha yako, na habari za mtu unayemkabidhi fedha hiyo. Aliye na karatasi ya somo na afuatishe mstari kwa kidole. Asiye nayo na asikilize vizuri.

Katika darasa letu la jioni huko Tabata yuko mama mmoja auzaye chakula karibu na reli. Kwa miaka mitatu amejinyima, naye amefikisha shilingi 900,000. Ataka kununua mabati ya nyumba yake huko Chanika. Fedha hiyo ameificha katika kopo la unga, chini ya kitanda. Kila mvua inyeshapo usiku yeye haogopi maji, aogopa mwizi.

Siku moja mwanawe alimwambia, "Mama, iko benki ya simu. Haina jengo wala dirisha la karani. Unafungua akaunti papo hapo, na akiba yako inapata faida." Mama akafurahi. Lakini jioni ile ile mpwa wake akamsomea katika simu maneno ya wateja wa benki hiyo. Mmoja asema akaunti yake ilifungwa siku nne. Mwingine asema alipiga simu asijibiwe. Wa tatu asema, "Wezi hawa!" Basi mama akaja darasani akauliza, "Mwalimu, nimwamini nani? Mwanangu, au watu hawa nisiowajua?"

Swali hili si jipya. Wazee wetu waliulizana vivyo hivyo. Tuangalie waliyoyaona.

Mwaka 1905 Wajerumani walianzisha benki yao hapa Dar es Salaam, nayo ikatoa noti za rupia. Yalikuwa mambo mageni. Mtu alizoea fedha ya chuma, aipige juu ya jiwe aisikie mlio wake. Sasa akapewa karatasi, akaambiwa, "Hii nayo ni fedha." Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914 njia ya baharini ikazibwa, na noti hazikuweza kuletwa kutoka Ujerumani. Wakazichapa humu humu nchini, kwa karatasi duni. Wajerumani waliposhindwa, nguvu iliyosimama nyuma ya karatasi zile ikaondoka. Waingereza wakaleta fedha yao, na baadaye shilingi ya Afrika Mashariki. Hapa twapata fundisho la kwanza: thamani haikuwa katika karatasi, ilikuwa kwa yule aliyeahidi kuilipa. Yeye akianguka, karatasi yabaki karatasi.

Baadaye ilikuja benki ya akiba ya posta, ambayo historia yake yaanzia mwaka 1925. Hiyo ndiyo iliyokua ikawa Benki ya Posta, na tangu mwaka 2021 yaitwa Benki ya Biashara Tanzania. Mteja wa zamani alipewa kitabu kidogo. Kila alipoweka fedha, karani aliandika na kupiga muhuri. Hakuiona tena shilingi yake, lakini aliuona muhuri. Kumbe hata wakati ule watu walikwisha jifunza kuiamini fedha wasiyoiona.

Kisha nchi ikapata Benki Kuu yake mwenyewe, iliyofunguliwa mwezi wa Juni 1966. Mwezi wa Februari 1967, mara baada ya Azimio la Arusha, mabenki ya watu binafsi yakataifishwa, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Kwa miaka mingi raia hakuwa na haja ya kuuliza benki ni ya nani. Ilikuwa ya serikali, basi. Lakini kuanzia mwaka 1991 sheria iliruhusu tena benki za watu binafsi. Tangu hapo raia amelazimika kujifunza kuuliza, na wengi wetu hatukufundishwa.

Sasa sikilizeni kwa makini habari za DECI, maana wengine wenu mliziona kwa macho. Taasisi hiyo ilikuwa na ofisi Mabibo, si mbali na Tabata. Watu "walipanda mbegu," yaani walitoa fedha, wakaahidiwa kuvuna zaidi ya walichopanda. Foleni zilikuwa ndefu. Je, watu waliisema vibaya? La! Waliisifu sana. Jirani alivuna, akamwambia jirani. Wala hakusema uongo, alilipwa kweli. Lakini alilipwa kwa fedha ya yule aliyekuja nyuma yake. Hapakuwa na shamba, palikuwa na foleni tu. Foleni ikisimama, wa mwisho hupotewa na vyote. Mwaka 2009 serikali iliisimamisha kazi hiyo, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani baadhi ya viongozi wake. DECI haikuwa na leseni ya kupokea amana za watu.

Fundisho la pili, basi, ni hili: sifa za majirani si leseni. Shahidi aweza kusema kweli juu ya yaliyompata yeye, asijue lolote juu ya hali ya sanduku.

Yako mengine yaliyokwenda kinyume chake. Mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, M-Pesa ilianza hapa Tanzania. Wako waliosema, "Fedha ndani ya simu? Simu ikianguka kisimani je?" Malalamiko hayakukosekana: mtandao umekatika, wakala hana fedha, nimetuma kwa namba ya mtu mwingine. Lakini huduma ya kutuma fedha kwa simu imesimama, kwa sababu kwa kila shilingi iliyo katika simu yako pana shilingi ya kweli iliyowekwa benki, ikiwa mbali na fedha ya kampuni. Mwaka 2015 ikapitishwa sheria ya mifumo ya malipo ili jambo hilo lisimamiwe. Hivyo huduma yaweza kulaumiwa sana na bado ikawa salama.

Tena msidhani kwamba jengo ndilo ulinzi. Mwezi wa Januari 1918 hapakuwa na benki nyingi za kuanguka. Mwezi wa Januari 2018 zilikuwapo. Benki Kuu ilizifungia benki 5 siku moja kwa kuwa mitaji yao ilikuwa midogo mno. Zote zilikuwa na milango na vibao. Mlango haukuziokoa. Kilichowasaidia wateja ni Bodi ya Bima ya Amana. Wakati ule bodi iliweza kumlipa mteja mmoja mpaka shilingi 1,500,000. Aliyekuwa na zaidi ilimpasa kungoja mali za benki zikusanywe. Mwaka 2023 kiwango hicho kilipandishwa kufika shilingi 7,500,000.

Sasa turudi kwa mama yetu. Tulikaa naye, tukayaweka maswali manne ubaoni.

Swali la kwanza: Je, benki hii ina leseni ya Benki Kuu? Orodha ya walio na leseni hutangazwa na Benki Kuu, na kijana ajuaye kusoma aweza kuitafuta katika intaneti. Tazama jina herufi kwa herufi, kwa maana wezi hupenda jina linalofanana na la mwenye heshima. Wala usidhani kila programu iliyo katika simu imekaguliwa. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha watu bila idhini.

Swali la pili: Benki ikianguka, nani atalipa? Benki yenye leseni huchangia katika bima ya amana. Kikundi kisicho na leseni hakimo.

Swali la tatu: Lawama hizi ni za namna gani? Hapa tulichukua chaki tukazigawa mafungu mawili. Fungu moja ni lawama za usumbufu: nimecheleweshwa, sikujibiwa, nimeombwa kitambulisho mara ya pili. Fungu la pili ni lawama za hatari: nimedai fedha yangu sikupewa kabisa, nimeambiwa nilete watu wengine kwanza, nimeambiwa nilipe ada ndipo nitoe akiba. Fungu la kwanza lachosha. La pili laua. Lawama moja ya fungu la pili yataka uchunguzi kuliko ishirini za fungu la kwanza.

Swali la nne: Je, umejaribu kwa kiasi usichoogopa kukipoteza? Mpishi huonja kabla ya kupakua.

Mama alifanya hivyo. Mpwa wake alilitafuta jina katika orodha ya Benki Kuu, akalikuta. Lawama nyingi zilikuwa za usumbufu. Ila ile ya "wezi" haikueleza kitu, tukaiandika pembeni. Akaweka shilingi 10,000. Baada ya juma moja akaitoa yote, akaishika mkononi, akaihesabu. Kisha akaweka tena 100,000 kwa mwezi mmoja. Namba yake ya siri hakumpa mtu, hata mwanawe. Na ile 800,000 je? Asema hataiweka yote mahali pamoja, wala haitalala tena katika kopo. Sehemu ataipeleka benki yenye dirisha, kwa kuwa ataka awe na mahali pa kwenda kusimama na kuuliza akipata tabu. Hilo nalo ni jambo la haki, msimcheke. Benki isiyo na mlango ina upungufu huo, hata ikiwa ya kweli. Ikikukosea, lalamika kwao kwanza kwa maandishi. Wasipokusikiliza, Benki Kuu inalo dawati la kupokea malalamiko ya wateja.

Wanafunzi, wazee walipiga rupia juu ya jiwe wasikie mlio. Fedha ya leo haina mlio. Jiwe letu ni kuuliza, kusoma, na kuhesabu. Ndiyo sababu mama yule, aliyeanza darasa kwa kuandika jina lake tu, aliweza jioni ile kusoma orodha mwenyewe, mstari kwa mstari, mpwa wake akiwa amenyamaza.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini waliovuna DECI walisema kweli, na bado wenzao walipata hasara?
2. Taja lawama moja ya usumbufu na moja ya hatari uliyowahi kuisikia mtaani kwako.
3. Mtu ana shilingi 9,000,000 katika benki moja. Benki ikifungwa, bima itamlipa kiasi gani, na kiasi gani atakingojea?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.