Mtoto anasoma kweli au amekariri? Mpime hivi

Mwanao wa Darasa la Kwanza anaimba "ba, be, bi, bo, bu" bila kukosea, na wewe roho imetulia. Subiri kidogo. Andika silabi hizo ukizichanganya: bo, be, bu, ba. Akikwama, ujue ameshika wimbo, herufi bado.

Kusoma Kiswahili kunaanza na sauti, siyo majina ya herufi. Mtoto aliyezoea kuita "em" na "ei" atapata tabu kuunganisha "ma". Anza na irabu tano, kisha konsonanti mojamoja, halafu maneno anayoyajua. Hapa Mwanza samaki tu wanatosha: sa-to, da-ga-a. Akizoea, mpe sa-nga-ra. Kwenye "nga" ndipo wengi wanapogota, maana herufi zinazofuatana zinabeba silabi moja. Hata jina la mji wetu, Mwa-nza, ni mtihani! Mwandikie pia ngoma na ng'ombe, asikie tofauti.

Kama nyumbani mnaongea Kisukuma au Kikerewe, hakikisha kwanza anajua maana ya neno. Kutamka asichokielewa bado siyo kusoma.

Dakika 10 kila jioni zinatosha, na kwa maoni yangu zinaishinda tuisheni ya Jumamosi moja. Ila usichelewe. Mtaala wa 2015 uliweka mkazo wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) kwenye Darasa la Kwanza na la Pili. Darasa la Tatu masomo yanaongezeka, na yote yanataka mtu anayesoma. Kama yuko la Pili na bado anabahatisha, kamuone mwalimu wake wiki hii.