Vitabu vya Kununulia Ploti Ukambani

Pale Tom Mboya Street jioni, kwa wale wauzaji tunaowaita Inama Bookshop kwa sababu lazima uiname ndio uone kitu, waambie unataka kujifunza kuwekeza kwenye ardhi. Kitabu cha kwanza kuwekewa mkononi kitakuwa Rich Dad Poor Dad. Robert Kiyosaki alikitoa Marekani mwaka 1997 na sidhani kama kimewahi kukosekana kwenye lami ya Nairobi tangu kilipofika. Nimekisoma. Si kibaya. Kinakulazimisha uulize pesa yako inaenda wapi, swali ambalo wengi wetu tuliolelewa kwa mshahara wa mwalimu hatukufundishwa kuliuliza.

Shida ni nchi iliyo ndani yake. Huko benki inakukopesha sehemu kubwa ya bei ya nyumba, mpangaji anakulipia deni, na hati ya ardhi hakuna anayeitilia shaka. Kenya nzima, watu milioni 47.6 kwa sensa ya 2019, ina mikopo ya nyumba ipatayo 30,000 tu kwenye mabenki. Sisi wengine tunanunua kwa pesa taslimu, mdogo mdogo, kupitia chama au sacco. Chama chetu kina watu tisa, wote kwao ni Kitui au Makueni, na tunatafuta ploti kati ya Emali na Wote. Nilipewa kazi ya kuchagua vitabu vya kusoma kabla hatujatoa hata shilingi, nikaleta orodha ambayo karibu yote ni historia. Walinicheka. Hebu nieleze.

Cha kwanza ni kijitabu cha sheria za kimila za Wakamba, kilichoandikwa na D. J. Penwill, afisa wa kikoloni, kikatoka 1951. Ukikipata maktabani, tafuta maneno matatu: ng'undu, kisesi na weu. Ng'undu ni shamba lililolimwa, mali ya aliyelifyeka na uzao wake. Kisesi ni malisho ambayo boma moja limejitengea. Weu ni nyika ya wote: unachunga, unaweka mizinga, na ukifyeka kipande ukakilima kinaanza kuwa ng'undu yako. Broka akikuambia "hii ni shamba ya mzee fulani", muulize kabla ya hati kuja ilikuwa ipi kati ya hizo tatu. Kama ilikuwa kisesi, kuna ndugu waliochunga humo pamoja, na si wote waliokubali kuuza. Kama ilikuwa weu, uliza vizuri zaidi nani aliigeuza kuwa yake, na lini.

Cha pili kinachekesha kwenye orodha ya mtu wa ploti: Hunter, cha mwindaji J. A. Hunter, 1952. Kati ya 1944 na 1946 serikali ilimtuma Makueni, akaua faru karibu 1,000. Soma hiyo namba tena. Makueni ilikuwa pori la mbung'o na faru, na serikali ilitaka kulifungua ili ihamishie watu kutoka milima iliyojaa. Baada ya faru vichaka vikakatwa, watu wakapewa mashamba kwa masharti: ng'ombe wasizidi idadi fulani, udongo ulindwe. Kuna familia za Makueni ambazo historia ya shamba lao inaanzia hapo. Kwa mnunuzi hilo si jambo dogo, kwa sababu ardhi iliyogawanywa na serikali ina karatasi tofauti na ardhi ya babu, na mwenye kujua tofauti hiyo anajua faili gani ya kuulizia.

Lakini kwa nini milima ilijaa? Hapa ndipo ningependa kila mtu anayepita Muindi Mbingu Street akielekea City Market asimame kidogo. Ukoloni ulikuwa umewapa walowezi milima ya Mua na kuwafungia Wakamba malisho ya Yatta. Kisha, mifugo ilipobanwa kwenye eneo dogo na udongo ukaanza kwenda na mvua, serikali ikasema tatizo ni ng'ombe. Mwaka 1938 ng'ombe walichukuliwa kwa lazima wakauzwa kwa bei ya kutupa, na kiwanda cha nyama cha Liebig's kilikuwa pale Athi River kikiwangoja. Samuel Muindi Mbingu na Ukamba Members Association wakaongoza maandamano ya watu kama elfu mbili kwa miguu hadi Nairobi, Julai ya mwaka huo, wakapiga kambi Kariokor wakidai kumwona Gavana Brooke-Popham. Walikaa wiki kadhaa. Muindi alikamatwa akapelekwa Lamu uhamishoni, ila kabla mwaka haujaisha uuzaji wa lazima ulisimamishwa. Ng'ombe ndio walikuwa akiba, benki ya boma. Kwa hivyo ukisikia mzee wa miaka themanini anakataa kuuza hata robo ekari kwa bei nzuri, usikimbilie kusema haelewi uwekezaji.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote ni cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, More People, Less Erosion, 1994. Kinahusu Machakos ya zamani, ambayo Makueni ilikuwa ndani yake hadi 1992. Maafisa wa miaka ya 1930 waliandika kwamba nchi ile inakufa. Watafiti hawa walirudi na picha za 1937, wakasimama palepale, wakapiga upya. Watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na vilima vilivyokuwa vipara vilikuwa na matuta na miti. Kilichofanya hivyo ni mwethya, vikundi vya kazi ambavyo wanawake walibeba sehemu kubwa yake, pamoja na pesa za mishahara zilizotumwa kutoka mjini, na barabara ya kwenda sokoni Nairobi. Tuta lenyewe linaitwa fanya juu, kwa sababu unachimba mtaro na kuurusha udongo upande wa juu, na hivyo hivyo ndivyo wataalamu wa udongo wanavyoliita kwa Kiingereza. Thamani ya shamba la Mbooni ilichimbwa kwa jembe. Mimi nikienda kuangalia shamba sasa naangalia matuta na maji kabla ya kuangalia bango la "karibu na Konza" au "dakika tano kutoka SGR". Hayo mabango nayo hayadanganyi kila mara: serikali ilinunua ekari 5,000 za Konza 2009, na treni ya Madaraka inasimama Emali tangu 2017. Lakini bei hiyo ya treni tayari iko ndani ya bei unayotajiwa. Na ploti ya futi 50 kwa 100 ni futi mraba 5,000. Thumuni ya ekari ni 5,445. Piga hesabu.

Mwisho sheria, ambazo ni vitabu pia, na ziko bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Sheria ya ardhi iliyosajiliwa ya 1963, kifungu cha 143, ililinda usajili wa kwanza hata kama ulipatikana kwa hila. Mahakama haikuruhusiwa kurekebisha rejista. Wapimaji walipofika kijijini, aliyekuwepo nyumbani ndiye aliandikwa. Aliyekuwa kibaruani Mombasa alirudi akakuta mambo yamekwisha, na dada walioolewa mara nyingi hata hawakuulizwa. Sheria hiyo ilifutwa 2012, ila hati zilizotokana nayo bado zinauzwa. Sheria ya kudhibiti ardhi nayo inasema mkataba wa shamba usioombewa kibali cha bodi ndani ya miezi 6 ni batili, isipokuwa mahakama iongeze muda. Na Kitui sehemu nyingi bado hazijafika hata kwenye hati.

Halafu kuna uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Aprili 2023, Dina Management dhidi ya serikali ya kaunti ya Mombasa. Kampuni ilikuwa na hati mkononi, imenunua, imelipa. Mahakama ikasema kama mzizi wa hati ulikuwa haramu, kununua kwa nia njema hakukuokoi. Huo uamuzi niliuchapisha nakala tisa.

Ploti tunayoiangalia sasa ina hati ya 2014. Tumemwomba muuzaji atuonyeshe kabla ya hapo ilikuwa ya nani, na ilimfikia vipi. Anasema bado anatafuta karatasi.