Nyimbo Zilizobanwa: Habari za CD Kandokando ya Barabara ya Magadi

Baina ya vilima vya Ngong na mteremko wa kuendea Magadi umekaa mji wa Kiserian, mahali pa machinjio ya Keekonyokie na kituo cha matatu za namba 126, ambako katika miaka ya 2000, kama ilivyokuwa katika miji mingi ya biashara nchini Kenya, mtu aliyetaka nyimbo aliingia kibandani penye kompyuta, akataja waimbaji awapendao, kisha akangoja achomewe CD. Kazi hiyo aghalabu ilifanywa bila idhini ya wenye nyimbo, ijapokuwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 iliikataza. Fauka ya hayo, ndani yake mlikuwamo uamuzi ambao taathira yake ingali masikioni mwetu, nao ni kiasi gani cha sauti kihifadhiwe na kiasi gani kitupwe.

CD, iliyotolewa na kampuni za Philips na Sony mwaka 1982, hubeba vipimo 44,100 vya sauti kwa kila sekunde, kushoto na kulia, na kila kipimo ni cha biti 16. Ndiyo maana wimbo wa dakika nne huchukua megabaiti 42 hivi. Wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, miongoni mwao Karlheinz Brandenburg, walitambua kwamba sauti kubwa huifunika ndogo iliyo jirani nayo, wakaendeleza njia ya kuiacha ile isiyosikika; na njia hiyo, MP3, iliupunguza wimbo ule ule hadi megabaiti 4 ulipobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde.

Hesabu hiyo ndiyo iliyotawala vibandani. CD tupu iliyotosha nyimbo 20 tu kwa umbo la asili ilichukua zaidi ya 170 za MP3, na kadi ya simu ya gigabaiti moja ikampa dereva muziki wa takriban saa 17. Tena, kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti ilikuwa ghali na ya polepole, hata muziki ukawa unasafiri mkononi. Kwa hali ile, waliochagua nafasi kuliko ubora hawana lawama.

Walakini gharama ilikuwapo. Makofi ya kwaya, ambayo katika CD hulia ghafla na kukatika, yalitanguliwa na ukungu wa sauti. Matoazi ya benga yakawa mchakacho. Na sauti za juu, kuanzia mizunguko 16,000 hivi kwa sekunde, mara nyingi zilikatwa kabisa. Baya zaidi, MP3 ilichomwa upya kuwa CD ya kawaida ili ipigwe katika redio za zamani, kisha kibanda kingine kikaitoa humo na kuibana mara ya pili, na kila mara ikapotea sehemu isiyorudi.

Hata hivyo ipo njia nyingine ya kubana: FLAC, iliyotolewa na Josh Coalson mwaka 2001, huupunguza wimbo hadi karibu nusu ya ukubwa wake bila kutupa hata biti moja, ila iliomba nafasi ambayo zamani ilikuwa ghali, na ambayo leo ni rahisi. Basi, ewe msomaji uliye na CD halisi ya kwaya ya kanisa lenu au ya msanii wa mtaani aliyetoa nakala chache, ihifadhi kwanza kwa FLAC, na MP3 ya simu uitoe humo; kwani kilichohifadhiwa kizima chaweza kubanwa wakati wowote, ilhali kilichotupwa hakirejeshwi na fundi yeyote.