Chumvi, Theluji na Jina: Historia ya Kupanda Rwenzori Ikitazamwa kutoka Hamukungu

Hamukungu ni kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George, wilayani Kasese. Asubuhi mawingu yanapofunguka, milima ya Rwenzori huonekana upande wa kaskazini-magharibi. Hapa karibu na ikweta hakuna majira ya kipupwe kama ya Ulaya; baridi hutokana na mwinuko, na barafu hukaa vileleni mwaka mzima. Makala haya yanatetea hoja kwamba historia ya kupanda milima hiyo ni historia ya majina pia, na kwamba suala la majina hayo bado linawahusu watunga sera.

Mnamo Mei 1888, Henry Morton Stanley akiwa karibu na Ziwa Albert, mvulana mmoja alimwonyesha mlima uliosemekana kufunikwa na chumvi. Msafara ule ulikuwa na mamia ya watu walioandikishwa Zanzibar, na Kiswahili kilikuwa lugha yake ya kazi. Hata hivyo, kauli ya mvulana imetufikia kwa Kiingereza tu, naye hakutajwa jina. Ulinganisho wake ulikuwa wa busara: mtu hueleza kigeni kwa alichokizoea. Mwaka uliofuata msafara huohuo ulipita Katwe, penye ziwa la chumvi chini ya milima ileile.

Wakonzo hawakuhitaji ulinganisho. Walikuwa na neno lao, nzururu, yaani theluji. Na kutokana nalo, Rwenzururu, mahali pa theluji, makao ya Kithasamba katika imani yao.

Mwaka 1906 Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi, aliongoza safari iliyofika vilele vikuu. Wakonzo walibeba mizigo kupitia bonde la Mubuku hadi kambi ya Bujongolo. Tarehe 18 Juni kilele cha juu kabisa, chenye mita 5,109, kilifikiwa na kuitwa Margherita, kwa heshima ya malkia wa Italia. Ramani iliyofuata iligawa milima kwa majina ya Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Kiyanja na Duwoni, majina ya wenyeji yaliyokuwa yameanza kutumiwa na wapandaji wa awali, yaliwekwa kando. Waliobeba mizigo hawakupewa hata kilele kimoja.

Jina la wenyeji, hata hivyo, halikufa. Mwaka 1962 vuguvugu lililoongozwa na Isaya Mukirane, likipinga utawala wa Toro, lilitangaza dola yake kwa jina la Rwenzururu. Ufalme huo ulitambuliwa na serikali ya Uganda mwaka 2009. Hivyo neno la theluji lilibeba madai ya ardhi, utu na utawala kwa takribani nusu karne.

Leo kinachotajwa ndicho kinachotoweka. Barafu iliyokadiriwa kuwa kilomita za mraba 6.5 mwaka 1906 ilikuwa imepungua hadi chini ya kilomita moja ya mraba kufikia 2003. Wazee wanaoyajua majina ya mito, mapango na vilele nao wanapungua.

Tunapendekeza, kwa hiyo, majina ya Kikonzo yakusanywe na wenyeji wenyewe, kisha yaandikwe sambamba na yale ya 1906 katika ramani, vitabu vya shule na maandishi ya Kiswahili ya kanda hii. Margherita haina haja ya kufutwa. Inatosha mtoto wa Hamukungu, akinyoosha kidole kuelekea mlimani, awe na jina la kutaja, na jina hilo liandikwe kama alivyolitamka.