Anakuja na Nani? Kutoka Kura Tatu hadi Mgombea Mwenza, kwa Njia ya Uluguru

Ukitoka Morogoro mjini na kushika barabara ya Bigwa kwenda Kisaki, unapita Kiroka, unapita Mkuyuni, migomba ikikuandama kushoto na kulia, kisha milima inaanza kukubana na unafika Matombo. Julai 1955 umati wa wakulima ulikusanyika huku kuwaambia watawala kwamba wamechoka na matuta. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeanzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, na kila kaya ilitakiwa kuchimba ngazi kwenye miteremko. Kazi ilikuwa nzito, sehemu kubwa iliwaangukia wanawake, na udongo uliofukuliwa kutoka chini haukuotesha kitu cha maana. Polisi walifyatua risasi. Mtu mmoja akafa. Mpango wa matuta nao haukuishi baada ya hapo.

Ninaanzia Matombo kwa makusudi. Swali la nani aandamane na mgombea katika karatasi ya kura huzungumzwa siku hizi kama hesabu ya wataalamu wa kampeni mijini. Huku milimani lina historia ndefu zaidi, na historia hiyo inaanza na watu waliokuwa wamejifunza kwa damu tofauti kati ya kupangiwa na kuulizwa.

Miaka mitatu baadaye watu wa milima hii, au tuseme wachache wao walioruhusiwa, waliitwa kupiga kura. Uchaguzi wa 1958 na 1959 unakumbukwa kwa jina la kura tatu. Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mzungu, kimoja cha Mwasia. Sheria ilimtaka mpiga kura achague mtu katika kila kundi lenye ushindani. Akimchagua Mwafrika peke yake, kura yake inaharibika. Na ili uandikishwe ilibidi uwe na elimu ya kiwango fulani, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa unaotambuliwa. Katika nchi yenye watu karibu milioni tisa, walioandikishwa hawakufika 60,000.

Wanachama wengi wa TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru, waliona hii ni dharau, na walikuwa na haki. Mkulima aliyekataa matuta ya Matombo aambiwe sasa kwamba hawezi kumchagua kiongozi wake mpaka ambebe na mtu wa kundi jingine ambaye hakumtaka! Januari 1958 chama kilikutana Tabora kuamua kama kishiriki au kisusie. Mwalimu Nyerere alitetea kushiriki, akashinda, na Zuberi Mtemvu akatoka kwenda kuanzisha chama chake. Tabora inasimuliwa sana. Ambacho hakisimuliwi vya kutosha ni namna chama kilivyolishughulikia suala la wale wawili wa ziada. Hakikumwachia mpiga kura abahatishe. Kilitafuta Wazungu na Waasia waliokuwa tayari kusimama na madai ya uhuru, kikawaeleza kwa watu, kikasema: huyu ni wetu, mpe kura pamoja na yule. Jimbo la Kaskazini likawapata Solomon Eliufoo, Derek Bryceson na Sophia Mustafa. Karatasi iliyobuniwa ili kuipunguza nguvu TANU ikageuka kuwa orodha ya TANU.

Jimbo la Mashariki, ambalo Morogoro ilikuwa ndani yake, ndilo alilochagua Mwalimu mwenyewe kugombea. Mpinzani wake hakuwa mtu wa kubezwa. Patrick Kunambi alikuwa Mluguru, msomi, mmoja wa viongozi wa wenyeji, na alisimama kama mgombea binafsi. Kwa hesabu za leo za kampeni, angehesabiwa kuwa na mtaji mkubwa: mtoto wa nyumbani dhidi ya mgeni kutoka Butiama. Matokeo yalikuwa takribani kura 2,600 kwa Nyerere na 800 kwa Kunambi. Ni kweli kwamba jimbo lile lilikuwa pana, lilivuka Uluguru kwa mbali, na wenye haki ya kupiga kura walikuwa walimu, makarani na wafanyabiashara zaidi ya wakulima wa milimani. Lakini hata ukiyaweka yote hayo kwenye mizani, asili ya mtu haikutosha kumshinda yule aliyekuja na jambo. Chini ya kura moja kati ya nne, kwa mtu wa hapa hapa.

Katika uchaguzi ule ule Amir Jamal aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, naye baadaye akawa mbunge wa Morogoro. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, hapakuwa tena na kiti cha Mwasia wala sheria ya kumbebesha mpiga kura mtu wa kundi jingine. Wapiga kura wa Morogoro, walio wengi wao Waafrika, walimrudisha Jamal kwa hiari yao, na akaendelea kuiwakilisha Morogoro kwa miaka mingi huku akiwa waziri. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mzito kuliko wote katika safari hii. Mwenza aliyeletwa na sheria ya kikoloni, akaelezwa vizuri kwa watu, akafanya kazi wakaiona, aligeuka kuwa chaguo lao wenyewe sheria ile ilipokufa.

Kuanzia hapo hadi 1990 hapakuwa na mwenza wa kuzungumzia. Baada ya Muungano wa 1964 Abeid Karume alikuwa Makamu wa Kwanza wa Rais na Rashidi Kawawa wa Pili, na hakuna kati yao aliyepigiwa kura na mtu wa Mkuyuni kwa nafasi hiyo. Kura ya urais ilikuwa ya ndiyo au hapana. Shauku ya watu ilihamia kwa wabunge, alama ya jembe dhidi ya alama ya nyumba, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na watu wawili wa kulinganisha.

Mfumo wa mgombea mwenza tunaoujua ulizaliwa na mabadiliko ya Katiba ya 1994. Hadi wakati huo Rais wa Zanzibar alikuwa Makamu wa Rais wa Muungano kwa nafasi yake. Vyama vingi vilipokuja, hatari ikaonekana mara moja: itakuwaje chama kimoja kikishika Zanzibar na kingine kikashika Muungano? Ikaamuliwa Rais na Makamu wachaguliwe pamoja, kutoka chama kimoja, na mmoja akitoka Bara mwenzake atoke Zanzibar. Mwaka 1995 Benjamin Mkapa akapita na Omar Ali Juma, Mpemba aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar, na wakashinda kwa karibu 62%.

Sharti hilo la pande mbili limebadilisha kabisa maana ya mwenza kwetu, na nadhani wachambuzi wengi wanaoazima mifano ya Marekani au Kenya hulisahau. Mwaka 1960 John Kennedy alimchukua Lyndon Johnson akiitazama Texas. Mei 2022 William Ruto alimchukua Rigathi Gachagua na Raila Odinga akamchukua Martha Karua, wote wawili watu wa Mlima Kenya, kwa sababu Mlima una mamilioni ya kura. Tanzania haina nafasi ya hesabu hiyo. Mwaka 2015 walioandikishwa walizidi milioni 22 nchi nzima, na Zanzibar walikuwa karibu nusu milioni. Mgombea wa Bara hawezi kumchukua Mluguru ili apate Uluguru. Atamleta mtu kutoka Unguja au Pemba ambaye watu wa Mgeta, wakiwa katikati ya mashamba yao ya kabichi na viazi, pengine hawajawahi kumsikia akisema.

Kwa hiyo mwenza wetu hana kura za nyumbani za kuleta Bara. Anachoweza kuleta ni sababu.

Kenya yenyewe inaonyesha kwamba hata kura za nyumbani si za uhakika. Karua, mwanasheria mwenye jina safi na mwanamke wa kwanza kusimama hivyo kwa muungano mkubwa nchini mwake, aliamsha shangwe kubwa alipotangazwa. Siku ya kura Mlima ulimpa Ruto kwa wingi, Kirinyaga ya Karua ikiwemo, na nchi nzima waliojitokeza walishuka hadi takribani 65% kutoka karibu 80% miaka mitano nyuma. Marekani, Christopher Devine na Kyle Kopko walichapisha kitabu mwaka 2020 kilichochunguza swali hili, wakaona kwamba mwenza haleti kura nyingi kwa jina lake. Anawaambia wapiga kura jambo kuhusu yule aliyemchagua, kama ana busara au hana. Naamini hivyo ndivyo ilivyo hata huku. Shangwe ya siku ya kutangazwa hupanda haraka na kushuka haraka. Kinachobaki ni jibu la swali dogo: kwa nini huyu?

Mwaka 2005 nchi ilikumbushwa kwa namna ya huzuni kwamba mwenza si pambo. Siku chache kabla ya kura ya Oktoba 30, Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa Freeman Mbowe wa Chadema, alifariki dunia. Sheria ikasimamisha uchaguzi wa Muungano hadi Desemba 14. Wiki sita nzima kampeni za taifa ziliongezewa muda kwa kifo cha mtu ambaye wengi walikuwa hawajamtazama vizuri kwenye bango. Jakaya Kikwete na Ali Mohamed Shein walishinda kwa 80%. Shein mwenyewe alikuwa ameupata umakamu mwaka 2001, Omar Ali Juma alipofariki akiwa madarakani.

Sasa geuza njia. Toka Morogoro kwa barabara ya Iringa, Uluguru ikiwa kushoto kwako, na kwa kilomita zisizozidi ishirini na kitu uko Mzumbe. Hapa, kilipokuwa bado Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, ndipo alipohitimu mwaka 1986 mwanafunzi kutoka Makunduchi, Samia Suluhu Hassan. Julai 2015, mjini Dodoma, John Magufuli alimtangaza kuwa mgombea mwenza, mwanamke wa kwanza wa CCM katika nafasi hiyo. Mwaka mmoja kabla nchi ilikuwa imemwona kila siku kama Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalum la Katiba, akiongoza vikao vilivyojaa makelele kwa sauti ya utulivu. Alikuwa na sababu yake tayari mkononi.

Upande wa pili, Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, haikuwa chama kisheria, hivyo Juma Duni Haji alilazimika kuiacha CUF na kuchukua kadi ya Chadema ili asimame na Edward Lowassa, mgombea urais wa muungano huo. Hatua ile iliwapa wafuasi wa CUF pa kushika wakati mwenyekiti wao, Ibrahim Lipumba, alipojiuzulu na katibu mkuu wa Chadema, Wilbrod Slaa, akaondoka. Waliojitokeza walipanda hadi karibu 67%, kutoka chini ya 43% mwaka 2010. Sitampa Samia wala Duni ongezeko lote hilo: kulikuwa na daftari jipya la wapiga kura, na ushindani ambao CCM haikuwahi kuuona. Lakini kuna aina ya mpiga kura ambaye wote wawili walimgusa, yule aliyekwisha kuegemea upande na alikuwa akijiuliza tu kama kesho aamke mapema. Huyo ndiye hasa anayefikiwa na mwenza, na katika uchaguzi uliokwenda 58% kwa 40% wapo wengi.

Machi 17, 2021 Magufuli alifariki, na siku mbili baadaye Samia akaapishwa kuwa Rais. Waliotia alama kwenye picha za watu wawili 2015, na tena 2020, wakagundua kwamba walikuwa wamechagua marais wawili. Hata hivyo kampeni zetu bado humpa mwenza dakika chache jukwaani na wilaya ambazo mkuu wake hana muda nazo, na vyama havimwelezi kwa wapiga kura kwa bidii iliyotumika kuwaeleza wagombea wa kura tatu.

Januari 2025 CCM ilimpitisha Samia kugombea, na Emmanuel Nchimbi kuwa mwenza wake, naye akiwa amesoma Mzumbe. Kwa kuwa mgombea alitoka Zanzibar, kwa mara ya kwanza tangu mfumo huu uanze CCM ilileta mwenza wa Bara. CHAUMMA nayo ilimsimamisha Salum Mwalimu pamoja na Devotha Minja, aliyewahi kuwa mbunge wa viti maalumu kutoka Morogoro. Hatimaye Morogoro ilikuwa na mtu wake kwenye nafasi hiyo katika karatasi ya kura. Lakini Chadema haikuwemo kwenye karatasi, mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini, na Oktoba 29 iligeuka siku ya maandamano, vifo na kuzimwa kwa intaneti. Hesabu za siku kama hiyo haziwezi kutumika kupima kama Nchimbi aliwapa watu wa Mgeta sababu ya kushuka mlima kwenda kituoni, au kama Minja aliwapa watu wa mjini.