Mtaro Ukiziba, Mlima Hushuka

Ndugu msikilizaji, kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilometa zipatazo 33 tu. Lakini katika kilometa hizo chache basi huacha joto la bondeni, likapita Soni kwa kona baada ya kona, na kufika katika ubaridi wa mji ulio juu kiasi cha meta 1,400. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni korongo. Masika yakikolea, udongo huporomoka, na malori ya kabichi, karoti na nyanya yaendayo Dar es Salaam hukwama. Kabichi haimsubiri mhandisi. Wala mama mjamzito anayekimbizwa hospitali hawezi kumsubiri.

Kila linapotokea hilo, huulizwa: nani alaumiwe? Juma hili tuiulize historia.

Wajerumani waliufanya mji huo makao ya wilaya, wakauita Wilhelmstal. Reli waliyoanza kuijenga Tanga mwaka 1893 ilipofika Mombo mwanzoni mwa karne ya 20, njia ya kupanda milimani ikawa ya lazima kwa utawala na kwa walowezi. Kazi zao zilifanywa kwa amri. Tangu mwaka 1907, mwanamume wa Usambara alitakiwa kubeba kadi, na kumfanyia mlowezi kazi siku 30 katika kila miezi minne.

Wakaja Waingereza. Mwaka 1946, kuanzia Mlalo, walianzisha mpango wa kuzuia mmomonyoko. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta katika miteremko, na aliyekataa aliadhibiwa. Watu walipinga, na chama cha TANU kikapata nguvu katika upinzani huo. Kabla miaka ya 1950 haijakwisha, mpango ulikuwa umevunjika.

Je, Wasambaa walikuwa wavivu, au hawakuipenda ardhi yao? Hata kidogo! Lugha yao ina usemi, kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na mtawala wa Vugha alipimwa kwa hilo. Tena walikuwa na mifereji ya kumwagilia mashamba, waliyoichimba na kuisafisha wenyewe bila kusimamiwa na askari. Tofauti ni moja. Aliyesafisha mfereji aliyaona maji yakiingia shambani mwake. Aliyechimba tuta kwa amri aliona jasho lake tu.

Mradi wa SECAP, uliofadhiliwa na Ujerumani kuanzia mwaka 1981 hadi 2000, ulijaribu njia nyingine. Wakulima walihimizwa kupanda miti na majani ya Guatemala kwa kufuata kontua. Majani hayo yalishika udongo, na pia yalilisha ng'ombe. Hapo mkulima aliiona faida yake.

Sasa turudi barabarani. Adui mkubwa wa barabara ya mlimani ni maji, kuliko hata lori. Mtaro ukiziba, maji hupita juu ya barabara, huila kingo, na mwishowe huondoka na kipande kizima. Kalavati nayo isipojengewa njia ya kutolea maji, huyamwaga shambani mwa mtu na kuchimba korongo. Mwenye shamba akiona hivyo, huiziba ili aokoe mahindi yake. Tunamwita mharibifu wa barabara, ilhali barabara ndiyo iliyoanza kumharibia.

Serikali haikukaa bure. Mfuko wa Barabara uliundwa kwa sheria ya mwaka 1998, ukipata fedha kutokana na tozo ya mafuta. TANROADS ikaanza mwaka 2000 kushughulikia barabara kuu na za mikoa. TARURA ikaanzishwa mwaka 2017 kwa barabara za vijijini na mijini, na mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta kwa ajili yake. Kwa hiyo kila anayepanda daladala anachangia.

Lakini fedha inayofika baada ya maporomoko ni fedha ya kuzika, siyo ya kutibu. Mtaro husafishwa kwa jembe na koleo kabla ya mvua. Wanaoijua kila chemchemi na kila ufa ni wanavijiji wanaoishi kando ya barabara. Wapewe vipande vyao kwa mkataba, walipwe kwa wakati, na mashamba yaliyo chini ya makalavati yalindwe. Wasiitwe kwa amri. Amri ilijaribiwa milimani humo mara mbili, ikashindwa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Usambara ufa ni mtaro, na ukuta ni mlima wenyewe.

Tukutane juma lijalo.