Bwana na Bibi Bent Katika Magofu ya Kale

Katika visiwa vya Cyclades, nchini Ugiriki, miezi ya baridi si miezi ya matembezi. Upepo huvuma kwa nguvu, bahari huchafuka, na vyombo vidogo hukaa bandarini siku nyingi vikingoja shwari. Walakini ndiyo miezi waliyoichagua James Theodore Bent na mkewe Mabel. Bwana alikuwa Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1852; Bibi, aliyezaliwa mwaka 1847, alitoka Ireland; nao walioana mwaka 1877. Desturi yao ikawa hii: karibu kila mwaka, baridi ilipoingia, waliondoka London kwenda kutazama pwani na magofu ya watu wa kale, na joto liliporudi walirejea nyumbani kuandika.

Hawakuwa mafundi wa kuchimbua. Theodore alisoma Oxford, na elimu ya magofu aliipata njiani. Mabel alikuwa mpiga picha wa safari, tena ndiye aliyeandika daftari la kila siku. Katika Cyclades, walikozunguka kati ya miaka 1882 na 1884, walilala katika nyumba za wenyeji. Dhoruba ilipowafungia kisiwani hawakuwa na la kufanya ila kuketi na watu, kula chakula chao, kusikiliza hadithi zao, na kutazama sikukuu na maombolezo yao. Mtu mmoja wa kisiwa cha Anafi akawa mtumishi wao, akawafuata katika safari nyingi. Kitabu cha Theodore juu ya visiwa hivyo, kilichotoka mwaka 1885, kingali chasomwa kwa sababu ya subira hiyo. Kule Antiparos alichimbua makaburi yapatayo arobaini ya watu walioishi kabla ya Wayunani wanaojulikana katika vitabu, naye alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuyaeleza kwa utaratibu.

Mwaka 1891 safari ilikuwa ya namna nyingine. Mwaka mmoja kabla yake kampuni ya Cecil Rhodes ilikuwa imeitwaa nchi ya Mashona, na kampuni hiyo ilikuwa miongoni mwa waliogharimia safari ya Bwana na Bibi Bent kwenda kuchunguza Zimbabwe Kuu. Huko nako ilikuwa majira ya baridi, maana walifika mwezi wa Juni. Walikuta kuta ndefu za mawe yaliyopangwa pasipo chokaa, na mnara uliojengwa mfano wa pia. Walichimbua vyungu, vyombo vya chuma, ndege waliochongwa katika jiwe laini, ushanga, na vipande vya vyombo vya China na Uajemi. Vingi katika vitu hivyo vilifanana na vitu vya Waafrika waliokuwa wakiishi papo hapo. Walakini katika kitabu chake cha mwaka 1892 Theodore aliandika kwamba wajenzi walikuwa watu wa kale waliotoka Arabuni. Aliyewasikiliza wavuvi wa Anafi hakuwasikiliza Washona.

Kosa hilo halikuwa la kitabuni tu. Katika kuchimba kando ya mnara alivuruga matabaka ya udongo ambayo yangaliwasaidia wachunguzi wa baadaye. Tena walowezi walipewa hoja waliyoitaka, kwamba Mwafrika hakupata kujenga kitu katika nchi yake mwenyewe. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichunguza magofu, akasema ni kazi ya Waafrika. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson alichimbua tena, akathibitisha. Hata hivyo serikali ya walowezi iliendelea kuuonea haya ukweli huo mpaka nchi ilipopata uhuru mwaka 1980 na kujiita Zimbabwe, na ndege wa jiwe akawekwa katika bendera yake.

Watu wa Pwani ya Afrika Mashariki wana sababu ya kuifikiri habari hii. Katika Zimbabwe Kuu ilipatikana baadaye sarafu ya shaba ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa katika karne ya 14. Sarafu hiyo yaonyesha kwamba dhahabu na bidhaa zilipita kati ya bara na pwani. Haionyeshi kwamba mgeni ndiye aliyejenga. Magofu ya Pwani yenyewe yalihesabiwa kwa muda mrefu kuwa ni ya Waajemi na Waarabu peke yao, mpaka uchimbuzi wa Shanga, katika kisiwa cha Pate, ulipoonyesha misikiti ya kwanza, ya karne ya 8, ikikua ndani ya mji wa wenyeji.

Baada ya Zimbabwe Bwana na Bibi Bent walikwenda Aksum, kisha Hadhramaut, Dhofar na Sokotra. Safari ya mwisho ilimtia Theodore malaria, akafa London mwezi wa Mei 1897. Mabel alizikusanya karatasi zao, akatoa kitabu cha Arabuni Kusini mwaka 1900 kwa majina yao wawili. Alikufa mwaka 1929, mwaka ule ule Caton-Thompson alipokuwa Zimbabwe akiyasahihisha maneno ya mumewe.

Wahenga walionya: usisafirie nyota ya mwenzio. Katika Cyclades wawili hawa walisafiri kwa nyota yao wenyewe, wakaona mengi. Zimbabwe walisafiri kwa nyota ya kampuni.